Kurudisha madini kwenye dentini iliyooza: dawa ipi kwa jino lipi, kwa kliniki za Dodoma na jirani zake

Gego limetoboka. Ukiingiza eskaveta (kijiko kidogo cha mkono cha kukwangulia) ndani ya tundu, kwanza linatoka tope la njano lenye harufu, laini kama muhogo uliochemka ukapitiliza. Chini yake unakuta kitu kinachobanduka vipande vipande, kama ngozi iliyolowekwa. Ukienda mbele kidogo, chuma kinaanza kukwaruza na mkono unahisi ugumu. Tabaka hizo tatu za dentini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya gamba gumu la nje, ndizo zinazoamua uchaguzi wa dawa. La juu halina cha kuokoa: bakteria wamejaa, nyuzi za kolajeni (protini inayoshikilia dentini) zimeshakatika, na madini hata yakija hayana pa kushika. La kati limepoteza madini, lakini nyuzi zake bado zimesimama. Hilo ndilo linaloweza kurudishiwa. La chini ni dentini nzima, usiliguse.

Miaka ya nyuma tulifundishwa kukwangua mpaka chini kugonge. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa uozo wa meno walitoa mapendekezo mengine, na sasa ndiyo yanayofuatwa: pembeni mwa tundu safisha mpaka dentini ngumu, ili kizibo kipate pa kushika, chini, karibu na kiini cha jino (penye mishipa ya damu na fahamu), simama kwenye ile ya ngozi, na tundu likiwa refu sana hata laini kidogo inaachwa, halafu unafunga. Swali la dawa gani iwekwe juu ya hiyo dentini iliyoachwa linaanzia hapo.

Kwa nini dentini inasumbua kuliko enameli

Enameli, lile gamba gumu la nje, ni madini karibu yote, asilimia 96 ya uzito wake. Dentini ina madini kama asilimia 70, protini asilimia 20 (nyingi ni kolajeni) na maji asilimia 10. Enameli ikianza kupauka, fuwele zilizobaki hukua tu zikipata kalsiamu, fosfeti na floraidi kidogo. Dentini ina kazi mbili. Madini yanatakiwa yaingie ndani ya nyuzi za kolajeni zenyewe, na pia yajaze nafasi kati ya uzi na uzi. Yakijaza nafasi za nje peke yake, picha ya eksirei itakuonyesha weupe wa kutia moyo, lakini dentini yenyewe itabaki teketeke. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa kwa maneno kwamba "inaongeza madini", muulize yanakaa wapi, na ugumu unarudi kiasi gani. Wengi hawana jibu la swali la pili.

Dentini pia huyeyuka mapema. Enameli huanza kupoteza madini asidi ya kinywani ikifika pH 5.5 hivi (pH ikiwa chini, asidi ni kali zaidi); dentini huanza kati ya 6.2 na 6.7. Asidi hafifu inayotokana na chai ya sukari, ubuyu wa rangi au zabibu kavu zilizonata kwenye gego, ambayo enameli ingeistahimili, tayari inaila dentini.

Madini huingia kutoka pande mbili: juu, kwenye dawa uliyoweka, na chini, kwenye kiini kilicho hai kupitia mirija ya dentini. Karibu na enameli mirija ni kama 20,000 kwa kila milimita moja ya mraba. Karibu na kiini inafika kama 45,000, tena mipana zaidi. Ndiyo maana jino lililo hai linajisaidia lenyewe. Jino lililokufa haliokolewi na dawa yoyote kati ya hizi. Kabla hujafungua pakiti yoyote, uliza: jino linauma lenyewe usiku? Maumivu ya maji baridi yanaendelea dakika nzima baada ya kumeza? Kuna uvimbe, au kipele cha usaha kwenye ufizi? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, huyo anahitaji matibabu ya mzizi au kung'olewa. Kufungia usaha chini ya saruji ya bei ghali ni kumuumiza mgonjwa mara mbili.

Glasi ayonoma: nguzo ya kliniki ndogo

Saruji hii, ambayo kwenye kliniki zetu wengi huiita GIC, ilivumbuliwa Uingereza na Wilson na Kent na kutangazwa mwaka 1972. Ni unga wa kioo chenye floraidi na alumini, unaochanganywa na asidi ya poliakriliki. Inanata yenyewe kwenye jino, haihitaji taa wala gundi, na inaachia floraidi pamoja na kalsiamu au strontiamu, kutegemea kioo kilichotumika. Ukikata jino lililozibwa kwa GIC ukalichunguza maabara, unakuta floraidi na strontiamu zimepenya ndani ya dentini iliyokuwa laini. Fosfeti haitoi kwa kiasi cha maana. Hiyo inatoka kwenye jino lenyewe. Hapo ndipo mpaka wake ulipo.

Kwetu ina historia. Njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji inayonata, bila umeme wala mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Mwaka 2021 GIC na SDF, ambayo tutaifikia, ziliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Zahanati ya Chemba au Bahi yenye eskaveta mbili, pamba na chupa mbili za GIC haifanyi kazi ya kubahatisha. Inafanya kazi yenye ushahidi.

Ushahidi huo una tarakimu. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti za njia hii ulionyesha kuwa vizibo vya upande mmoja kwenye meno ya utotoni vilibaki salama asilimia 93 baada ya miaka 2. Vya pande mbili au zaidi, kwenye meno hayo hayo, asilimia 62. Kwenye meno ya ukubwani, vya upande mmoja vilikuwa asilimia 80 baada ya miaka 5. Tofauti ya 93 na 62 ndiyo ya kukumbuka: tundu la katikati ya gego ni mahali pake, lakini tundu lililokula ukuta kati ya meno mawili linahitaji mawazo mengine.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko saruji yenyewe. GIC nzito ya kuchanganya kwa mkono kwa kawaida ni kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa, kwa tone moja la maji yake, yaani ile asidi. Tikisa chupa ya unga kwanza ili usishikamane, chota, sawazisha kwa ukingo wa chupa. Chupa ya maji igeuze wima kabisa. Tone la kwanza lenye kiputo litupe. Gawa unga mara mbili: nusu ya kwanza ichanganye sekunde 10, halafu nusu iliyobaki, yote iishe ndani ya sekunde 25 hadi 30. Mchanganyiko mzuri unang'aa kama umepakwa mafuta. Ukipoteza mng'ao huo, usiuweke jinoni, hata kama unaona uchungu kuutupa. Asidi iliyotakiwa kushikana na jino imeshashikana na unga, na kizibo hicho kitadondoka ndani ya wiki. Kosa la upande wa pili ni kuongeza tone ili mkono uende kirahisi. Saruji nyepesi hivyo inayeyuka, inalika, na asidi yake iliyozidi inawasha kiini.

Muda wa kufanyia kazi ulioandikwa kwenye karatasi, mara nyingi dakika 2, umepimwa kwenye nyuzi 23. Dodoma ya Oktoba na Novemba chumba kikifika nyuzi 30, muda huo unapungua waziwazi. Tumia kibao cha kioo badala ya karatasi, kipoze kwenye friji, na ukikitoa kifute hadi kikauke, maana umande juu ya kioo unaongeza maji kwenye kipimo. Usipoze chupa ya maji ya GIC yenyewe. Inakuwa nzito na tone linabadilika ukubwa.

Kabla ya kuiweka, paka asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 kwa sekunde 20, osha kwa vipamba vitatu vilivyolowa maji, kausha kwa pamba kavu. Usipulize upepo mpaka jino liwe jeupe kama chaki. Dentini iwe na unyevu mdogo unaong'aa. Jaza, paka vaselini kwenye glavu, bonyeza kwa kidole kwa nusu dakika, toa kilichomwagika pembeni, pima mng'ato, paka vaselini tena. Asile chochote kwa saa 1.

Hiyo vaselini ya mwisho watu huiona kama urembo. GIC changa ina maji ndani yake, na yakikauka mapema saruji inapasuka nyufa nyembamba usizoziona kwa macho. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, upepo wa Julai na Agosti unapita dirishani na vumbi lake, na mara nyingi kuna feni inaelekezwa usoni kwa mgonjwa aliyeachama. Zima feni kwa dakika tano za kuganda. Vumbi nalo ni sababu ya kufunga kifuniko cha unga papo hapo baada ya kuchota.

Kalsiamu siliketi: ya karibu na kiini

Kundi hili ni ndugu wa saruji ya ujenzi, lakini limesafishwa na kusagwa kwa kipimo cha kitabibu. La kwanza kujulikana ni MTA, iliyotoka Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, mwaka 1993 kwa kazi za Torabinejad. Baadaye ikaja Biodentine. Zikikutana na maji zinatoa haidroksaidi ya kalsiamu kwa muda mrefu, pH inapanda juu ya 11, bakteria wanakosa amani, na kalsiamu inaingia kwenye mirija ya dentini. Mpakani mwa saruji na dentini linajengeka tabaka lenye madini mengi. Juu ya kiini kilichofunuka, seli huamshwa kujenga daraja la dentini mpya, na daraja hilo huwa zima kuliko lile linaloletwa na haidroksaidi ya kalsiamu ya zamani.

Kati ya hizo mbili, kwa jino la kutafunia ningechukua Biodentine ikiwa mfuko unaruhusu. MTA ya kawaida inachukua karibu saa 2 na dakika 45 kuganda, inachanganywa unga sehemu 3 kwa maji sehemu 1, inashikika kama mchanga uliolowa, na ile yenye bismuthi inaweza kugeuza jino la mbele kuwa la kijivu. Biodentine inaganda kwa dakika 12 hivi na nguvu yake inakaribia ya dentini. Lakini ina masharti. Unga umo kwenye kapsuli. Igonge taratibu juu ya meza ili unga ulegee, fungua, weka matone 5 ya maji yake, funga, peleka kwenye mashine ya kutikisa kwa sekunde 30 kwa kasi ya mizunguko 4,000 hadi 4,200 kwa dakika. Matone 4 yanakupa makombo yasiyoshikamana, matone 6 yanakupa uji usioganda vizuri. Mashine hiyo inataka umeme. Kliniki isiyo na jenereta wala betri, na inayokatiwa umeme katikati ya kazi, itajikuta na kapsuli iliyofunguliwa na mgonjwa aliyekwishachomwa ganzi. Washa mashine uione inafanya kazi kabla hujatoboa jino.

Usiioshe ikiwa changa, usiipige asidi ya fosforiki, na usimruhusu mgonjwa kuondoka kabla ya dakika 12 kutimia. Inaweza kuachwa kama kizibo cha muda hadi miezi 6, kisha unaipunguza juu na kufunika kwa kompoziti (kizibo cha plastiki chenye rangi ya jino) au GIC. Kuiacha miaka ikitafuniwa ni kosa, maana juu inalika.

Kama kiini kimefunuka tundu dogo jekundu kwenye jino lisilo na dalili mbaya, bonyeza kipamba chenye hipokloraiti ya sodiamu. Damu ikisimama ndani ya dakika 5 hadi 10, weka kalsiamu siliketi. Damu isiposimama, uvimbe wa ndani umeshakwenda mbali. Hapo unaondoa sehemu ya juu ya kiini au chote, na hiyo ni kazi ya mwenye ujuzi na picha ya eksirei.

Gharama ya kapsuli moja ni mara nyingi ya kijiko cha GIC. Kuitumia kwenye kila tundu la kina cha kati ni kupoteza fedha za mgonjwa. Ihifadhi kwa lile tundu ambalo picha inaonyesha dentini iliyobaki juu ya kiini ni nyembamba kama ukucha.

Haidroksaidi ya kalsiamu ya zamani

Bado ipo kwenye makabati mengi, katika mirija miwili midogo unayochanganya sawa kwa sawa. Ni rahisi na imeokoa meno mengi tangu miaka ya 1920. pH yake ni kama 12.5, inaua bakteria na kuamsha seli. Udhaifu wake ni kwamba hainati, ni dhaifu, na inayeyuka polepole chini ya kizibo ikiacha uwazi. Daraja inalojenga huwa na vijitundu kama chujio. Makosa yanayoonekana sana ni kuitandaza chini pote kama siagi kwenye mkate, kisha GIC ikakosa dentini ya kushika. Kama ndiyo pekee uliyonayo, weka nukta ndogo isiyozidi milimita 1, pale tu kiini kinapoonekana kwa rangi ya waridi, kisha funika na GIC. Pasipo hivyo, GIC peke yake inatosha. Tafiti za tundu refu lililoachiwa dentini laini hazijaonyesha kuwa kutandika dawa hii chini kunaleta tofauti kubwa.

SDF: haizibi, inasimamisha

SDF ni myeyusho wa madini ya fedha na floraidi wa asilimia 38, wenye floraidi sehemu 44,800 kwa milioni. Fedha inaua bakteria na kuzuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni, floraidi na pH ya juu husaidia madini kurudi juu ya dentini. Uso wa tundu unakuwa mgumu, unang'aa, na mweusi tii. Tafiti zilizokusanywa hadi mwaka 2016 kwenye meno ya utotoni zilionyesha uozo kusimama kwenye matundu kama 8 kati ya 10. Utafiti wa Hong Kong wa miezi 30 ulipata asilimia 75.7 kwa waliopakwa asilimia 38 mara 2 kwa mwaka, asilimia 66.9 kwa waliopakwa mara 1, na asilimia 58.6 tu kwa waliopakwa ile ya asilimia 12 mara 2. Kwa hiyo chupa ya asilimia 12 si mbadala wa bei nafuu, na kupaka mara moja ukasahau si matibabu.

Inafaa kwa mtoto wa miaka 3 asiyekubali kukaa, kwa mtoto mwenye matundu saba siku moja, na kwa bibi ambaye ufizi umeshuka na mizizi inaoza. Paka vaselini midomoni na ufizini, tenga jino kwa pamba, kausha, tumbukiza kibrashi kidogo kwenye tone moja, gusa tundu, acha dakika 1, futa kilichozidi. Tone moja linatosha meno 5 hivi. Limwage kwenye kikombe cha plastiki na ulitumie ndani ya dakika chache, maana mwanga na hewa vinaliharibu. Likigusa ngozi litaacha doa la kahawia linalokaa siku kadhaa hadi wiki mbili. Likigusa nguo au meza, limekaa moja kwa moja. Usimpake mwenye mzio wa fedha wala mwenye vidonda ufizini.

Mama lazima aelezwe kabla ya kibrashi kugusa jino, kwa maneno ambayo hayataleta maneno baadaye: "Mama, sehemu iliyooza itakuwa nyeusi na haitarudi nyeupe. Weusi huo ni alama kwamba dawa imeshika. Jino litabaki mpaka ling'oke lenyewe kwa wakati wake." Muonyeshe picha. Akikataa kwa meno ya mbele lakini akakubali ya nyuma, heshimu hivyo. Ukitaka kuziba, mwite baada ya wiki moja au mbili, funika na GIC. Weusi unaweza kuonekana kidogo pembeni lakini tundu linajaa na chakula hakikai.

Krimu na dawa za mswaki

CPP-ACP, krimu ya kalsiamu na fosfeti iliyotokana na protini ya maziwa kwa kazi za Eric Reynolds wa Chuo Kikuu cha Melbourne, inafaa kwa madoa meupe ya enameli, mfano baada ya kuvua nyaya za meno. Kwa tundu la dentini haijathibitika, na mwenye mzio wa protini ya maziwa asipewe. Kioo hai cha 45S5, kilichobuniwa na Larry Hench huko Florida mwaka 1969, kwenye dawa ya mswaki kinaziba midomo ya mirija na kupunguza ganzi ya maji baridi, hakijazi tundu. Vanishi ya floraidi ya asilimia 5 (sehemu 22,600 kwa milioni) inafaa kupakwa kwenye mizizi iliyofunuka na kwenye enameli inayoanza kupauka. Kwa uozo wa mizizi ya watu wazima, dawa ya mswaki yenye floraidi 5,000 kwa milioni, inayotolewa kwa cheti, imethibitika kufanya mizizi laini iwe migumu. Hiyo naipa heshima kuliko krimu zote za bei mbaya, na isiwekwe karibu na watoto.

Peptidi (kipande kifupi cha protini) inayojipanga yenyewe, P11-4, nayo ni ya enameli iliyoanza kupauka tu.

Kile ambacho bado kiko maabara

Kwenye dentini ya kawaida, protini zenye asidi nyingi huielekeza kalsiamu fosfeti iingie ndani ya uzi wa kolajeni ikiwa bado kimiminika, kisha igeuke fuwele humo humo. Watafiti wamejifunza kuiga hilo kwa kutumia poliaspatiki, molekyuli ndefu yenye asidi. Laurie Gower ndiye aliyeionyesha njia hiyo, na kundi la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, limeifanyia kazi kwenye dentini iliyooza, pamoja na kuichanganya ndani ya saruji. Mvuto wake ni kwamba ugumu unarudi, si weupe wa eksirei tu, kwa sababu madini yanaingia ndani ya uzi. Lakini kazi hiyo inachukua wiki nyingi, inategemea kolajeni iwe bado nzima, na si bidhaa ya kuagiza leo. Atakayekuja na mfuko akasema ni hiyo, mwombe usajili wake wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Ombi hilo hilo lihusu saruji zote: jina la bidhaa, usajili, tarehe ya kuisha, na chupa isiyofunguliwa.

Maji yetu na meno ya kahawia

Ukanda wa Bonde la Ufa, Arusha, Manyara, Singida hadi Shinyanga, na baadhi ya visima vya Dodoma, una floraidi nyingi kwenye maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni milligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4. Ndiyo maana watu wengi wa huku wana meno yenye madoa ya kahawia, na hapo makosa mawili yanatokea. La kwanza ni kuchimba doa la kahawia ukidhani limeoza. Pitisha ncha ya chombo taratibu: doa la floraidi ni gumu na laini kwa mguso, mara nyingi liko kwenye meno ya pande zote mbili sawasawa, tundu lililooza linanasa na kuachia tope. La pili ni kukataa GIC au SDF kwa hofu kwamba zitaongeza madoa. Madoa hayo hutengenezwa jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, kwa floraidi iliyomezwa kila siku kwa miaka. Tone la SDF la mikrolita 25 lina zaidi kidogo tu ya milligramu 1, mara mbili kwa mwaka. Anayekunywa lita mbili za maji ya kisima chenye milligramu 3 anameza 6 kila siku. Tatizo liko kwenye ndoo. Na mtu asijidanganye kwamba meno ya kahawia hayaozi; enameli iliyojengwa vibaya humeguka, na dentini iliyofunuka huoza haraka.

Kwa jino lililo mbele yako

Tundu la upande mmoja, kina cha kati, jino halina maumivu ya usiku: GIC nzito, milimita 2 au zaidi kwa unene, basi. Tundu refu kwenye gego la mtu mzima, eksirei inaonyesha dentini nyembamba, na una umeme: kalsiamu siliketi chini, GIC au kompoziti juu. Tundu refu lakini huna mashine: acha dentini ya ngozi chini, safisha kuta, ziba kwa GIC, na usimwahidi mgonjwa zaidi ya hapo; kuziba vizuri bila dawa ghali chini kunashinda dawa ghali chini ya kizibo kinachovuja. Jino la utotoni lenye tundu lililokula ukuta wa kati: SDF sasa, GIC wiki mbili baadaye, na mzazi ajue asilimia 62. Mzizi laini wa mzee: SDF kama rangi haimsumbui, vanishi na dawa ya mswaki ya 5,000 kama inamsumbua. Kompoziti peke yake juu ya dentini laini sipendekezi: hairudishi madini, na gundi yake inataka dentini ngumu ambayo hapo haipo.

Mgonjwa arudi baada ya miezi 6, na kwa SDF baada ya wiki 2 hadi 4 kwanza. Chukua kipimio chenye ncha ya duara, usichome, kipitishe juu ya doa. Jeusi, linalong'aa, na ncha inateleza: limesimama. Kahawia, halina mng'ao, na ncha inaacha alama: bado linakula, lipake tena siku hiyo hiyo. Kwa GIC angalia ukingo. Ukiona mstari mweusi mwembamba kati ya saruji na enameli, kausha na ujaribu kuingiza ncha. Isipoingia, ni rangi ya chai. Ikiingia, mate nayo yanaingia. Toa sehemu hiyo tu, paka asidi ya poliakriliki tena sekunde 20, ongeza GIC mpya.